Mpaka Niseme Basi

Bikaner, 14 Agosti 1990

Dada yangu Gulab,

Naigusa miguu yako kwa mbali. Salamu zako ni nyingi kuliko mchanga wa jangwa letu, na mchanga mwaka huu umezidi, maana mvua imetupita juu kwa juu ikaenda kunyesha kwa wengine. Mama hajambo. Goti la kushoto linamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo hausumbuliwi na kitu. Kanchan mke wangu anakusalimu. Nisalimie shemeji Tarachand na wapwa zangu wawili, uwaambie mjomba wao bado anakaanga tambi za dengu na bado anaungua vidole.

Uzi wa rakhi, ule wa dada kwa kaka, ulifika siku mbili kabla ya sikukuu yake. Mama ndiye aliyenifungia mkononi kwa niaba yako, na bado ninao ninapoandika, umeshaingia mafuta. Kwanza lakini aliikagua bahasha. Aliipindua, akaitikisa, akaniuliza, "Umetoka mmoja tu?" Nikamwambia mmoja tu. Unajua alichokuwa anatafuta: ule mdogo wenye kishada, wa kufungwa kwenye bangili ya mke wa kaka. Kanchan alikuwa anakanda unga, akaendelea kukanda. Mimi silaumu, nakueleza tu.

Sasa habari kubwa, ucheke. Nimepunguza soda. Mimi, Bhanwar, wa chupa tano kwa siku! Ile ya kufungulia duka nimeiacha, na ile ya baada ya chakula nimeiacha. Zimebaki tatu. Ni Kanchan aliyenishinda. Siku moja alisimama mlangoni akasema, "Unasikia? Mdomo wako unanukia sukari kuliko duka la halwa." Basi nikaona aibu, nikamsikiliza.

Ndimi mdogo wako,
Bhanwar


Akola, 3 Septemba 1990

Mdogo wangu Bhanwar,

Nimepokea salamu zako na mchanga wake. Huku mvua imenyesha mpaka mabati yanavuja, na pamba ya watu inaoza kwenye magunia. Tarachand anakohoa lakini anakwenda kazini. Wapwa zako wamefaulu, mmoja kwa akili, mwingine kwa kutazamia. Mama mkwe wangu anaishi.

Nimecheka kama ulivyoniamuru. Nimecheka mpaka mama mkwe akauliza, "We Gulab, kuna nini humo?" Nikamwambia kaka yangu kaota masikio.

Maana mimi nilikwambia lini? Nilikwambia mwaka ule uliong'olewa magego mawili. Nilikwambia siku ya harusi yangu, nimepakwa hina mpaka viwikoni, nikakuita pembeni nikasema, "Bhanwar, chupa moja kwa siku inatosha, ile yetu, nyingine acha." Ulilia, ukasema ndiyo dada. Nimekuandikia miaka tisa, kila barua. Hukupunguza hata funda. Leo anakuja mtu wa juzi, anasimama mlangoni, anasema mdomo unanuka, na wewe unaona aibu! Ndiyo maana wakasema mla ni mla leo, mla jana kala nini?

Nina wivu. Naandika neno lenyewe usije ukaniambia nazunguka.

Haya, punguza. Lakini ya saa kumi usiiguse. Hiyo si soda, hiyo ni mimi na wewe. Kila siku saa kumi alasiri nakaa ngazi ya nyuma, nasukuma ndani ile gololi inayoziba chupa kwa kidole gumba hiki hiki kilichokuwa kinakufungulia wewe, kwa sababu chako kilikuwa kidogo na gololi ilikushinda. Nikinywa nusu ya kwanza, najua na wewe uko kwenye kibaraza cha Baba unakunywa nusu yako. Hapo tu ndipo Akola haiko mbali.

Kuhusu ule uzi mwingine, posta za siku hizi zinapoteza vitu.

Dada yako,
Gulab


Bikaner, 25 Septemba 1990

Dada Gulab,

Miguu yako naigusa. Joto limeanza kupungua, na sisi wa kukaa mbele ya karai tunamshukuru Mungu. Mama anasema uache kumsema mama mkwe wako kwenye barua, atakuja kuzisoma.

Usinikasirikie. Kupunguza kwenyewe si mchezo. Kichwa kiliniuma siku nne mfululizo, kama mtu anagonga msumari nyuma ya jicho. Mkono ndio mkorofi zaidi: saa ikifika unakwenda wenyewe pale kwenye ndoo ya barafu, nami naurudisha kama mbuzi wa jirani. Sasa nakunywa maji ya ndimu na chumvi, na mtindi mwembamba wa jira ambao Kanchan ananiletea dukani kwenye birika. Mzee Sohan muuza soda ameninunia. Jana nimepita mbele ya kibanda chake akapaza sauti njia nzima isikie: "Bhanwar! Umefiwa? Au mkeo kakunyima ruhusa?" Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Nimepungua, suruali naifunga kwa kamba. Kiu tu ndiyo hainiishi, maji nakunywa kama ngamia aliyevuka jangwa.

Imebaki moja, Dada, ile ya saa kumi. Nayo naona nitaiacha ikifika Diwali. Usiniulize sana. Nitaendelea kukaa kibarazani saa hiyo hiyo, nitakuwa nakukumbuka kwa maji tu. Maji nayo si yanakunywika?

Bhanwar


Akola, 9 Oktoba 1990

Bhanwar,

Wote wazima, salamu nimezipokea, tuyaache hayo.

Umepungua mpaka suruali inafungwa kwa kamba, na unaniambia kama habari njema. Hapikiwi huyo mwanamume! Birika la mtindi ndiyo chakula? Nyumba ambayo Mama alikuwa anatulisha mpaka tunashindwa kuinama, leo mwanawe anakonda, na mpishi mwenyewe anasifiwa.

Nimefikiria siku tatu. Naona wazi kinachofanyika. Mwanamke mwerevu haanzi na ndugu, anaanza na vitu vidogo. Anaondoa soda ya asubuhi, nani atagomba? Anaondoa ya mchana. Mwisho anafika kwenye ile yenye dada ndani yake, nayo anaizoa kama taka. Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu, na hii nguo ulivishwa kwa ngoma na mimi nikiwa mbele nacheza.

Basi sikiliza. Chunnilal wa mtaani kwetu anakuja huko kwa Diwali, nimempa kreti moja. Chupa ishirini na nne, soda ya waridi, kama jina langu, inatengenezwa mtaa wa pili kutoka hapa. Zina gololi kama za zamani.

Weka barua hii chini, weka mkono kichwani, kisha uisome tena. Nakuapisha kwa kichwa changu mimi Gulab, dada yako wa tumbo moja: kila siku saa kumi utakunywa soda moja, za kwangu kwanza na zikiisha za Sohan, mpaka mimi mwenyewe niseme basi. Siku utakayoacha kabla sijasema, uso wangu utakaokuja kuuona ni uso wa maiti.

Nimesema, na mbele ya taa ya miungu nimesema.

Gulab


Bikaner, 29 Oktoba 1990

Dada,

Diwali ilikuwa njema. Mama aliwasha taa mwenyewe mpaka darini, pamoja na goti lake. Kreti imefika, haikuvunjika hata moja.

Ulichosema nimekisikia. Hukupaswa kusema. Lakini umekwisha kusema, na mimi si mtu wa kuchezea kichwa cha dada yangu.

Nakunywa. Ila si kibarazani, uniwie radhi. Nakunywa ghalani nyuma ya duka, kwa sababu zangu.

Bhanwar


Akola, 20 Novemba 1990

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu tele, na safari hii hata mama mkwe anakusalimu. Baridi imeingia, nimetoa mablanketi. Tarachand amenunua redio, inakohoa kama yeye.

Barua yako ilikuwa fupi lakini imenishibisha. Unakunywa ghalani! Ukijificha! Nimejua unamficha nani, na sitakuficha, nimefurahi mpaka nikampa jirani peremende. Tulivyokuwa tunajificha Baba asituone tukila sukari guru, sasa unamficha mkeo kwa ajili yangu. Hapo nimejua kaka yangu ninaye bado.

Saa kumi leo nilikaa ngazi ya nyuma na chupa yangu, nikasema kwa sauti, "Haya Bhanwar, nusu yako." Paka akageuka kunitazama.

Waridi unaionaje? Wengine wanasema tamu mno. Mimi naona sawasawa.

Dada yako anayekupenda kuliko wote, narudia, kuliko wote,
Gulab


Bikaner, 16 Januari 1991

Dada Gulab,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Kulikuwa na hili na lile. Mama hajambo, ila ngazi zimemshinda kabisa, kwa hiyo amempa Kanchan funguo za nyumba. Alizivua kiunoni mwenyewe akamfungia kwenye ncha ya sari yake. Nakuambia mimi usije ukaisikia kwa watu.

Chupa zako ziliisha katikati ya Novemba. Naendelea na za Sohan. Ananifungia kwenye gazeti, anasema, "Karibu nyumbani, mpotevu," nami nazipitishia mlango wa nyuma. Chupa zako tupu ziko ghalani nyuma ya magunia ya unga wa dengu, maana siwezi kuzirudisha Akola, na siwezi kuzitupa zikaonekana.

Dada, lile neno lako la Diwali. Bado umelishikilia? Nauliza tu. Kama umelisahau, niambie umelisahau, sitakucheka.

Bhanwar


Akola, 2 Februari 1991

Bhanwar,

Kwa hiyo amepewa na funguo.

Zile funguo nilizichezea mimi nikiwa sijajua kutembea. Ule mdogo wa shaba wa kabati la achari niliumeza nikiwa na miaka mitatu, mkangoja siku mbili utoke, na Mama mpaka leo anasimulia. Leo unaning'inia kwenye sari ya mtu aliyeingia nyumba hiyo akiwa mkubwa, ameshaota meno yote. Nimelia jikoni. Nimewaambia watoto ni kitunguu.

Unaniuliza kama nimesahau. Sijasahau! Wewe unataka nisahau, au kuna mtu anataka nisahau? Funguo amechukua, jiko amechukua, Mama amemchukua, maana hata salamu za Mama siku hizi zinaanza na "Kanchan kasema". Mimi nimebaki na chupa moja saa kumi. Nikisema basi leo, kesho nitabaki na nini?

Nimelishikilia. Kunywa.

Gulab


Bikaner, 20 Machi 1991

Dada Gulab,

Usishangae mwandiko. Mafuta ya karai yaliniunguza mkono kidogo, kwa hiyo mimi nasema na Kanchan anaandika. Si kitu, utapona. Holi imepita, watoto wa mtaani walimpaka Mama rangi ya kijani akawafukuza kwa fimbo, akiwa ameketi.

Biashara ni ya kawaida. Joto linarudi. Mimi sijambo.

Lile nililokuuliza Januari, nakuuliza tena. Hutaki kulegeza?

Mdogo wako


Akola, 8 Aprili 1991

Bhanwar,

Nimeupokea mwandiko wa mkeo. Mzuri, umenyooka, kama wa karani wa mahakama. Hata jina lako hukutia. Siku hizi jina lako nalo liko kwenye ncha ya sari?

Usinidanganye na mkono. Mtu wa karai haungui mkono, huungua vidole, na hata akiungua huandika kwa kushoto kama ulivyoniandikia mwaka ule wa tetekuwanga, herufi zimelala kama walevi, nikazisoma zote. Mwambie huyo mwenye mwandiko kwamba najua. Amekupunguzia soda, amekupunguzia mwili, sasa anakupunguzia maneno. Barua ya mistari saba! Na ule mstari wa mwisho, "hutaki kulegeza", huo si wako. Wewe hujawahi kuniomba kitu kwa adabu hivyo. Ameutunga yeye, aondoe na hiyo moja iliyobaki.

Namwonea wivu, ndiyo. Anakuona ukiamka. Anakuona ukigombana na Sohan. Mimi nimepewa kipande cha karatasi mara moja kwa miezi miwili, na sasa hata hicho kinapita mkononi mwake kwanza. Usiku namwombea Mama, nakuombea wewe, nikifika kwake nalala.

Silegezi. Na barua ijayo isipokuwa ya mkono wako sitaifungua.

Gulab


Bikaner, 30 Mei 1991

Dada Gulab,

Natumaini umeifungua.

Mwandiko ni ule ule, vumilia. Barua yako ya Aprili nimeisikia. Mama anakusalimu, joto linamtesa. Sohan anakuulizia, anasema yule msichana wa kidole gumba yuko wapi. Nikamwambia yuko Akola na kidole chake.

Huyo unayemsema, Dada, si kama unavyomsema. Ningeweza kueleza, lakini tumekubaliana nyumbani hapa kwamba binti aliyeolewa hatumiwi matatizo ya kwao, ana ya kwake ya kumtosha. Mama ndivyo alivyosema na mimi naona sawa. Basi tuyaache.

Soda ya saa kumi nakunywa. Kichwa chako kiko salama kwangu.

Bhanwar


Wifi, shikamoo.

Haya ya chini naandika mwenyewe. Amelala kidogo baada ya chakula, na barua hajaambiwa kwamba bado iko wazi. Mama pia hajui. Nikikosea, unisamehe, nimevumilia mpaka nimeshindwa.

Kaka yako ana kisukari. Kiligunduliwa Julai mwaka jana. Daktari alisema soda zote ziishe, hata moja isibaki, na kaka yako akaanza kupunguza. Alikwambia mimi ndiye niliyemwambia ili usijue anaumwa. Nilimwambia, "Utanigombanisha na wifi." Akasema, "Dada Gulab akikasirika anakula vizuri, akihuzunika hali kabisa. Bora akukasirikie wewe." Nikakubali. Nilidhani ni kwa mwezi mmoja au miwili.

Alikuwa anaendelea vizuri. Kisha baada ya Diwali hali ikageuka, na hatukujua kwa nini. Nilimpimia chakula mpaka punje, nikajilaumu mimi. Februari mwishoni aliingia ghalani pekupeku akakanyaga shingo ya chupa iliyovunjika. Ndivyo nilivyoziona, nyuma ya magunia, nyingi. Kidonda hakikufunga. Wamemkata vidole viwili vya mguu wa kulia. Macho yana ukungu, karatasi anaiona nyeupe tupu, ndiyo maana naandika mimi. Mkono haukuungua.

Nilimuuliza kwa nini, nikamlilia, nikamtukana hata. Mwisho akanipa barua yako ya Oktoba niisome. Nikamwambia kiapo kama hicho Mungu hakihesabu. Akasema, "Mungu labda. Mimi nikikivunja halafu Dada apatwe na jambo, nitakula nini tena duniani?" Na sasa hivi, wifi, saa kumi inapofika anajikokota na fimbo mpaka kwa Sohan. Nikificha fimbo, anashika ukuta.

Barua yako ya Aprili nilimsomea mimi, neno kwa neno, na yale yangu pia. Niliogopa nikiruka mstari atajua, kwa sababu anakujua unavyosema.

Mimi siwezi kukiondoa, wala daktari, wala Mama. Ni mtu mmoja tu. Sikuombi uniandikie mimi. Nakuomba umwambie yeye.

Kanchan


TELEGRAMU
Kutoka Akola, 7 Juni 1991
Kwa Bhanwarlal, duka la tambi, Bikaner

BASI. BASI. BASI. DADA.


Akola, 5 Agosti 1991

Kwa wifi yangu Kanchan,

Hii ni barua yako wewe. Bahasha ina jina lako, nimeandika kwa herufi kubwa tarishi asije akakosea. Ukitaka msomee na yeye, usipotaka usimsomee.

Salamu kwako. Naona haya kuziandika, maana miaka saba sijakutumia hata moja, ulikuwa unasalimiwa ndani ya watu wote. Tarachand anakusalimu. Watoto wanauliza mkaza mjomba wao huyo mpya ni nani.

Telegramu niliituma siku ile ile, nikiwa na ndala za jikoni, nikakimbia mpaka posta. Karani aliniambia neno moja linatosha. Nikamwambia, andika matatu, huyo mtu ni mkaidi. Kisha nikarudi nyumbani na kwa miezi miwili kalamu ilinikataa. Kila nikianza, namwona anashika ukuta kwenda kuninywea soda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo nilivyokuwa nikimtania utotoni. Safari hii alimsikia mkuu, na ndiyo maana guu likaenda. Mkuu mwenyewe ndiye mimi. Sina pa kuiweka aibu hii, Kanchan. Nimeijaribu kila mahali.

Wewe ulikuwa unampunguzia sumu tone kwa tone, mimi namwongezea kwa kreti. Nawe ukakubali kutukanwa ili mimi nile vizuri. Na kweli nilikula vizuri. Mwaka mzima nimenenepa kwa kukuchukia.

Soda nimeacha. Siku nilipotuma telegramu sikunywa, na tangu hapo sijanywa. Kichwa kiliuma siku nne, nyuma ya jicho, hapo hapo alipopasema yeye. Siku ya tano nilimpiga mwanangu kwa kosa la paka. Mkono saa ikifika unaenda wenyewe, ni kweli, kama mbuzi wa jirani. Nakaa ngazi ya nyuma na bilauri ya maji ya ndimu na chumvi. Ni mabaya. Nayanywa.

Sasa lile la posta. Posta haikupoteza kitu. Nyuzi za rakhi huku kwetu zinauzwa mbili mbili, wa kaka na wa mkewe, zimeshonwa kwenye kadi moja. Kila mwaka nilikuwa nanunua kadi, naukata wa Bhanwar, nautuma. Wako nilikuwa nauweka chini ya sanduku, ndani ya sari yangu ya harusi. Sikuweza kuutupa, na kuutuma nikashindwa. Nikisema nilikuwa nangoja uniombe, ni uongo. Nilikuwa nakuonea wivu tu, na bado nakuonea. Anakushikilia bega akienda msalani. Mimi ningetoa vidole vyangu viwili niwe bega hilo.

Utazikuta saba ndani ya bahasha hii, za miaka sita na wa mwaka huu. Ule wa kwanza kishada chake kimeliwa na nondo. Zifunge zote kwenye bangili, hata zikikukera ukikanda unga. Nimezitangulizia posta kwa sababu najijua: nikiwa mbele yako mdomo huu utasema jambo jingine.

Naja. Tarehe 22 nitashuka Bikaner kwa treni ya asubuhi, na siku ya sikukuu nitamfungia mdogo wangu uzi kwa mkono wangu. Peremende sitamlisha, nimechuma majani ya mrehani, nitamtia moja mdomoni. Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo, kwamba kiapo kimefunguliwa, asije akadhani telegramu iliandikwa na karani.

Saa kumi tutakaa kibarazani sote watatu na birika lako la mtindi, na Sohan apige kelele mpaka apasuke. Ila nakuomba kitu, wifi. Siku ya kwanza usikae katikati. Katikati nikae mimi, wewe kaa upande wa ukuta. Siku ya pili tutaona.

Gulab